Leta Mafuta

Mafundi wengine hunawa mikono wakimaliza kazi. Mzee Fundi alinawa kabla ya kuanza. Alikuwa na beseni la kijani, sabuni ya mche iliyokatwa vipande, na kitaulo cheupe ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukitazama kwa muda mrefu, seuze kukishika. Alikunja mikono ya shati, akasugua kucha moja moja, akajifuta, kisha akainua viganja juu na kulisogelea gari huku akipiga kelele, "Munipishe! Bantu musinipumulie!" Wateja wapya walidhani anakwenda kula.

Gereji yake ilikuwa kando ya barabara inayoingia Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi wilayani Dowa, Malawi: paa la mabati, gogo la kukalia, na meza moja iliyofunikwa plastiki. Ubavuni mwa gereji hiyo nilikuwa nauza maharage kwa wali. Yeye ni Mrundi, mimi ni wa Bukavu, na kwa zaidi ya miaka kumi na miwili tumetaniana kwa sababu hiyo bila kuchoka. Alisema sisi tunajua kuvaa tu. Nilimjibu kwamba wao hata hilo limewashinda. Habari za kuzaliwa kwake sizijui, na ukimwuliza atakujibu, "Mi nilizaliwa siku nilishika spana. Ya mbele yake haina maana." Basi tuanzie kwenye spana.

Alitengeneza kila kitu, lakini sifa yake ilikuwa kwenye injekta. Kwa asiyejua magari nitaeleza upesi, maana hata mimi nilijifunza nikiwa na mwiko mkononi. Injini ya petroli ya kawaida ina vidude vinne vinavyonyunyizia petroli ndani yake. Hivyo ndivyo injekta. Kila injekta imevaa mipira miwili ya duara, mmoja juu na mmoja chini, nasi tunaiita oringi. Ule wa juu unazuia petroli isitoke, ule wa chini unazuia hewa isiingie. Ukichomoa injekta, mipira ya zamani unatupa. Mipya unaipaka mafuta kidogo sana, mafuta mapya ya injini, ndipo unairudisha injekta taratibu huku ukiizungusha. Ukilazimisha mpira mkavu, unajikunja au unachanika kidogo mahali usipopaona, na petroli inaanza kudondokea injini yenye moto. Hapo hata muuza maharage anajua kitakachofuata.

"Mpira haipendi kusukumwa," alikuwa akisema, "inapenda kubembelezwa. Zungusha, zungusha, mpaka utasikia yenyewe inasema ndiyo." Na kweli alikuwa anasikia. Alifumba macho, akainamisha kichwa, kidole gumba juu ya injekta, na kabla haijakaa vizuri alikuwa anasema, "Bado. Bado. Inafikiri." Halafu uso wote unafunguka, "Ego! Imekubali!" Ego ni ndiyo kwa Kirundi, na siku ya injekta nne tulisikia ego nne, na akina mama wa sokoni walikuwa wakizihesabu kwa sauti.

Mtu huyu aliyebembeleza mipira hakuwabembeleza watu hata kidogo. Aliwagombeza wenye magari kana kwamba wamempiga mtoto. "Hii gari ulikuwa unaikamua ao ulikuwa unaiendesha?" Lakini injini yenyewe aliipa pole. Nimemsikia kwa masikio yangu akiliambia gari la mtu, "Pole, baba, pole, najua mwenye anakuendesha ni mujinga." Mwenye gari alikuwa amesimama hapo hapo, mkono mmoja kwenye gari lake na mmoja kwenye sahani yangu ya maharage.

Kusifu hakujua. Sifa yake kubwa, na ya pekee, ilikuwa neno moja: "Haijavuja." Ukikaza bomba vizuri: haijavuja. Binti yake alipofunga ndoa na tukamwuliza mkwe akoje, alifikiri kidogo akasema, "Mpaka sasa, haijavuja." Siku moja tu katika maisha yetu alinisifia maharage. Alijifuta mdomo, akashika tumbo, akatoa hukumu ile ile. Sikutaka maelezo zaidi.

Jambo ambalo wageni hawakuliamini ni hili: hakujua kuendesha gari. Mtu aliyezifahamu injini kuliko alivyowafahamu wanawe hakujua hata kurudi nyuma. Gari likitengenezwa, alimwamuru mwenyewe aendeshe polepole, naye akatembea pembeni akiwa ameinamisha sikio, mikono nyuma. Siku moja nilimchokoza mno. Nilimwambia fundi asiyeendesha ni sawa na mpishi asiyekula. Akapandwa na hasira, akaingia kwenye kipikapu cha watu, akakaa kwenye usukani kifua mbele na kuachia breki ya mkono. Kipikapu kikateremka. Kiliteremka kwa heshima, polepole kabisa, tukaona vizuri kila kitu: uso wake, kibanda changu, sufuria langu. Maharage yakamwagika yote. Alishuka, akafunga mlango, akalizunguka gari akilikagua, akasema, "Breki iko muzuri. Ni mimi njo sikuifinya."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maharage.

Na gari lilimchefua, hilo nalo. Akipanda minibasi lazima akae dirishani na limau puani, macho mbele, bila kuongea na mtu. Kwa safari fupi alipenda kabaza, zile baiskeli za abiria. Alikaa nyuma amefumba macho, mikono yote miwili kiunoni kwa dereva, akiomba kwa sauti hivi kwamba vijana wa kabaza walimpigania, wakisema abiria yule huja na ulinzi wake.

Mara moja kwa mwezi tulikwenda Lilongwe kununua oringi. Hakuwahi kuzibeba mfukoni wala kwenye karatasi, kwa kuogopa vumbi. Alizivika kwenye kalamu ya risasi. Oringi ya juu ya injekta, ile ndogo, inaingia kwenye kalamu bila kubana wala kulegea. "Mwenye alitengeneza kalamu alikuwa fundi," alisema. Basi nne ndogo huku, nne kubwa kule, kitambaa safi juu yake, na kalamu inalala kwenye mfuko wa shati jeupe. Kalamu yenyewe haikuwahi kuandika hata herufi moja.

Sasa mtu mzima, shati jeupe, kalamu mfukoni, mwendo wa taratibu. Ndani ya minibasi ya kurudi, mama mmoja wa Area 47, mtaa wa Lilongwe, akamkazia macho, mtoto mapajani. "Bambo, ndinu aphunzitsi?" akauliza, yaani, mzee, wewe ni mwalimu? Kichewa cha Mzee Fundi kilikuwa maneno mawili tu, zikomo kwambiri, asante sana, na aliyatumia kusalimu, kuaga, kupunguziwa bei na kukataa. "Zikomo kwambiri," akajibu. Mama akafurahi. Akaeleza kwa kirefu kwamba mtoto amekosa nafasi shuleni, akauliza kama mwalimu anaweza kusaidia. "Zikomo kwambiri," akasema Mzee kwa huruma. Mimi nilikuwa nimeuma kanga nisipasuke. Alipoona mama anamsukuma mtoto mbele, akadhani anaombwa kumbariki. Akamwekea mkono kichwani, akamtazama sikio la kushoto, kisha la kulia, kama anavyokagua injini, akamgeukia mama: "Haijavuja." Nililazimika kushuka kituo kimoja kabla ya chetu.

Kanisani alikuwa mwimbaji wa besi. Besi yake ilikuwa moja, haikupanda wala kushuka, wimbo ndio uliomzunguka. Mchungaji wetu alimpenda, na siku moja akaja kuibariki gereji na chupa ya mafuta ya upako. Baada ya sala akaifungua, akainama kuipaka injini iliyokuwa wazi mbele yetu, oringi mpya zikiwa zinameta. Mzee Fundi akamshika mkono. "Pasta, paka mimi. Mpira haina zambi." Mchungaji akampaka yeye kwenye paji la uso, tukaitika amina. Halafu, mbele ya waumini wote, mzee akaenda kwenye beseni lake la kijani, akaosha paji la uso kwa sabuni, akarudi kazini. Mchungaji hakukasirika. Alisema hajawahi kuona upako ukifanya kazi haraka namna ile.

Lakini mimi nimekuwa nikizunguka jambo langu tangu mwanzo, na bora nilitaje. Jina nililokuwa naitwa Dzaleka nzima, na ambalo wengine bado wananiita, ni Mama Mawese. Jina hilo alinipa yeye, na nilistahili.

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi kali ya Dowa, na aliyekuwa anamsaidia alikuwa mgonjwa. Mzee Fundi alikuwa ameinama ndani ya gari la bwana mmoja wa Madisi, mji wa jirani, mikono yote miwili ikishikilia bomba la petroli lisirudi chini, kichwa upande wa pili, hawezi kugeuka. Injekta mbili zilikuwa zimeingia, mbili bado. Akaniita. "Mama! Nawa mikono! Leta mafuta, ile safi kabisa, paka mipira ya hizo injekta mbili, ingiza huku unazungusha!"

Nilinawa. Hilo nililifanya vizuri. Halafu nikaleta mafuta.

Naomba nieleweke. Katika lugha yetu mafuta ni kila kitu: ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari, mpaka ya mchungaji. Wamalawi nao wanasema mafuta vile vile, kwa hiyo hata ukibadili lugha hupati msaada. Na kwa mtu wa Bukavu aliye karibu na jiko lake, mafuta safi kabisa ni mawese. Mimi nilikuwa na chupa ya mawese kutoka Uvira, kwetu Kongo, mekundu, mazito, niliyokuwa nayatunza kwa ajili ya Pasaka na wageni. Niliona fahari. Nilijiambia, mzee huyu kumbe ananiheshimu, anataka yale mazuri. Yalikuwa yameganda kwa baridi, nikayachota kwa kidole, nikaipaka ile mipira mpaka ikameta kama maandazi, nikaingiza, nikazungusha. Zikaingia bila shida yoyote. Mzee akasikia, bila kuona, akasema, "Ego! Ego! Mama, uko na mukono!"

Siku mbili nilitembea Dzaleka nzima nikiutazama mkono wangu.

Siku ya tatu bwana wa Madisi akarudi. Hakuwa na hasira, alikuwa ameduwaa. Alisema gari linatembea, lakini kila akisimama watu wanakuja kuuliza anapika nini. "Galimoto yanga ikununkhira ndiwo," akasema, gari langu linanukia mboga. Mzee Fundi akafungua boneti, akavuta pumzi. Akazichomoa injekta mbili. Mawese yalikuwa yamekauka kwa moto yakawa gundi, na mipira ilikuwa imeanza kuvimba. Kwenye moja, chini ya mpira wa juu, kulikuwa na unyevu wa petroli. Ulikuwa mdogo tu, lakini mzee alinionyesha ule unyevu kwa ncha ya kidole na hakuwa anacheka.

"Ni mafuta gani hii?"

"Mawese, Mzee. Ulisema ile safi."

"Ya wapi?"

"Ya Uvira."

Hapo ndipo alipoanza kucheka. Alicheka akashika gari, bwana wa Madisi akacheka bila kuelewa, soko zima likaja. Alipotulia akafuta machozi kwa kile kitaulo cheupe, jambo ambalo halijatokea tena, na akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Mwanafunzi wa akili, wakimwambia leta mafuta, anauliza kwanza: mafuta gani?"

Cha ajabu ni kwamba siku ile ndipo nilipoipenda kazi. Pole pole maharage yakaachwa kwa dada yangu, nami nikahamia upande wa spana. Kwa miaka tisa nilijifunza breki, klachi, rejeta, gia boksi. Nilifungua injini nzima nikaifunga tena bila kubaki na boliti hata moja, na wateja waliokuwa wakiuliza "fundi yuko wapi?" wakaanza kuniuliza mimi mambo. Aliniachia yote. Lakini ikifika kwenye oringi za injekta, anakuja na mikono yake mibichi ya sabuni, ananisogeza kwa kiwiko. "Hapa nitapaka mimi."

Niliomba kila namna. Sababu hazikumwishia. Leo kuna upepo. Leo umekula vitunguu. Leo gari ni ya mtu wa kanisa, tukikosea ni zambi. Leo gari ni ya mtu asiyesali, tukikosea nani atamsaidia? Nilicheka na wenzangu, lakini nitasema kweli: iliniuma. Ningeacha yote niliyojifunza ili siku moja tu aninyooshee ile kalamu na kusema, paka. Bila hiyo nilijiona mpishi aliyevaa ovaroli.

Kisha macho yake yakaanza kuota ukungu. Pua ilikuwa imekufa zamani kwa petroli, mkono bado ulikuwa hai, lakini macho yalimgomea. Binti yake, anayeshona nguo Area 47, akaja kumchukua akae naye Lilongwe. Aliniachia gereji, vyuma, meza, beseni la kijani, hata kitaulo cheupe. Nilimwona akitazama huku na huku, akagusa mfuko wa shati. Kalamu akaondoka nayo.

Basi miaka mitatu nilizikataa injekta. Watu walinicheka. "Unafunga gia boksi peke yako, unaogopa kampira?" Niliwaambia sijapewa ruhusa, waende Lilongwe. Wengine walikwenda na hawakurudi hata kwa breki. Nilimpigia simu mzee kila Jumapili. Nikimwuliza afya, nilimsikia vizuri kabisa. Nikitaja oringi, mtandao ulikuwa unakata. "Allo? Allo? Mama Mawese, unapotea!" Nikirudi kwenye afya, mtandao nao unarudi.

Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, minibasi iliyobeba kwaya kutoka Lilongwe ikaingia Dzaleka kuchukua waimbaji wengine, kisha waende Madisi kwenye harusi. Niliisikia harufu ya petroli kabla haijasimama. Dereva alisema wiki ile kuna mtu mjini amembadilishia injekta. Wakashuka watu ishirini wamevaa vitenge vya njano, na wa mwisho, limau puani, fimbo mkononi, Mzee Fundi. Besi lazima iwepo harusini.

Nilimkumbatia mpaka fimbo ikaanguka. Alikuwa amepungua. Hata salamu hakuimaliza. "Mama Mawese, beseni iko wapi?"

Akanawa kama zamani, kucha moja moja. Mimi nikatoa presha ya petroli, nikafungua bomba, nikazichomoa injekta nne. Oringi zilikuwa zimeingizwa kavu. Mbili zilikuwa zimechanika kabisa, na injini chini yake ilikuwa imelowa. Niliwatazama wale watu ishirini, sauti ya kwanza wakipangana kivulini wakiimba kidogo kidogo kupoteza muda. Mzee akaingiza vidole viwili mfukoni, akatoa kalamu. Oringi nane mpya zilikuwa juu yake. Miaka yote hiyo alikuwa anatembea nazo tayari.

"Nitapaka mimi," akasema.

Juu ya meza kulikuwa na vichupa viwili vya maji vya plastiki, sawasawa. Kimoja cha mafuta mapya ya injini. Cha pili cha chakula changu cha mchana, kwa maana Mama Mawese haachi asili yake. Mzee akanyoosha mkono, akapapasa, akafungua kimoja, akachovya kidole. Akasugua kidole na gumba, akatabasamu. "Hii njo mafuta. Sikia vile iko laini." Na akaanza kuipaka oringi ya kwanza.

Kidole chake kilikuwa chekundu.

Kwaya iliacha kuimba. Kiongozi wa sauti ya kwanza alifunika mdomo kwa mikono miwili. Wote wakanitazama mimi. Nami nikapima. Ningeweza kukohoa na kubadili chupa, ningeweza kumwacha amalize kisha nifungue tena akishapanda. Lakini angesimamia mpaka mwisho, na asingeniruhusu kugusa. Ningenyamaza, mzee angebaki mkubwa mbele ya kwaya, na watu ishirini wangeondoka na petroli juu ya moto. Moyo wangu ulikuwa unagonga kama injini ya silinda tatu.

"Mzee," nikasema, "hayo ni mawese."

Hakugeuka. "Unasema?"

"Ni mawese, Mzee. Ya maharage."

Akakitazama kidole kwa yale macho ya ukungu, hakuona. Akakinusa, hakusikia. Basi akakitia mdomoni. Akaonja taratibu, watu ishirini wakimngojea.

"Ya Uvira?" akauliza.

"Ya Uvira."

Kwaya ilipasuka. Wengine walikaa chini na vitenge vyao vya harusi, dereva akalala juu ya usukani, honi ikalia. Mzee Fundi mwenyewe alicheka mpaka nikamshika kiuno asianguke. Alipopata pumzi, akainua kile kidole juu kwa kwaya nzima. "Nilikuwa nampima!" akatangaza. "Munaona? Nilikuwa nampima kama atasema!"

Hakuwa ananipima. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake pale ulimi ulipogusa kidole, na sitaki kuuona tena. "Nilijua, Mzee," nikasema kwa nguvu, ili wote wasikie. Akanishika mkono akaufinya.

Akarudi kwenye beseni. Alinawa mara ya pili, muda mrefu kuliko ya kwanza, na mgongo wake ulikuwa umeinama. Kisha akanijia akiwa ameishika kalamu, ile oringi moja iliyopakwa akaitupa, akaninyooshea zilizobaki.

"Paka."

Mkono wangu haukwenda. Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka kumi na miwili, na nilipolipata nikashikwa na uoga pamoja na wazimu wa furaha. "Mzee, leo kuna upepo."

"Wacha ivume."

"Nimekula vitunguu."

"Paka, we mwanamuke!"

Nikanawa. Kucha moja moja. Nikatoa oringi moja ya akiba kwenye kopo langu kuziba ile iliyotupwa. Nikachovya kidole kwenye chupa sahihi, nikaizungusha oringi ya kwanza mpaka ikawa na mng'ao mwembamba bila tone. Akaenda upande wa pili wa injini bila kuambiwa, akainama, akalishikilia bomba kwa mikono miwili, kichwa kule, hawezi kugeuka, kama siku ile ya baridi. Nikaiweka injekta mahali pake. Sikusukuma. Nilizungusha, nikafumba macho, na nilipofumba nikaisikia kwenye kidole gumba: inasita, inasita, inateleza. Inakaa.

"Ego!" nikapiga kelele, mimi mtu wa Bukavu.

"Ego!" akaitika kutoka upande wa pili. Injekta ya pili ikakaa vile vile, na ego za ya tatu na ya nne kwaya ilizipokea kwa sauti zote, hata besi.

Dereva akawasha. Tuliiacha injini ipate moto. Mzee akapitisha kidole kikavu kwenye kila injekta, polepole, akizunguka. "Unasikia harufu?" akaniuliza chini chini. Nikamwambia hapana, Mzee, hakuna harufu. Akakifuta kidole kwenye kile kitaulo cheupe, akaninyooshea kitaulo nikitazame kwa kuwa yeye hakuweza. Kilikuwa cheupe.

"Haijavuja," akasema.

Nililia kidogo, sioni haya kusema. Kwaya ilikuwa imechelewa tayari, kwa hiyo ikaona afadhali ichelewe imeshiba, na dada yangu akapakua maharage. Mzee alikaa kwenye gogo lake la zamani, sahani magotini, kalamu tupu ikiwa upande wangu wa meza. Alionja kijiko kimoja, akakunja uso, akanielekea pale alipodhani nimesimama.

"Fundi," akaita. Niligeuka kutafuta anamwita nani. "Fundi, nakuongelesha wewe. Leta mafuta."

Nikavichukua vichupa vyote viwili, kimoja kila mkono, nikasimama mbele yake.

"Mafuta gani, Mzee?"